Pesa ya matangazo haiji mtu akiwa amelala

Mhariri,

Gazeti lenu hunifikia mchana. Kondakta wa matatu hulishusha upande wa Kenya wa mji wetu wa Busia, kijana wa boda boda hulivusha mpaka, nami hulipokea langoni mwa shule likiwa limekunjwa mara nne. Nalisoma lote, hadi matangazo ya tanzia na viwanja. Ndiyo maana siwezi kunyamaza juu ya ile makala yenu iliyowaambia vijana wafungue tovuti, waweke matangazo, kisha pesa iwaingilie hata wakiwa wamelala. Wanafunzi wangu waliisoma. Wawili walinifuata kuniuliza kama ni kweli, na mmoja alikuwa ameshaamua kumuuza mbuzi aliyepewa na babu yake ili alipie tovuti.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nina tovuti yenye matangazo tangu mwaka 2020. Kijana yule nilimwambia asimuuze mbuzi mpaka aone hesabu zangu. Nanyi naomba mzione.

Nilianza kwa dhiki. Machi 2020 shule zote Uganda zilifungwa kwa ajili ya korona, na mwezi uliofuata mshahara wangu ukasimama, maana nafundisha shule ya binafsi. Hatukujua kwamba shule zingekuja kufunguliwa kabisa Januari 2022. Mtaala mpya wa sekondari ulikuwa umeanza mwaka huo huo wa 2020, na Kiswahili kilikuwa kimefanywa somo la lazima kwa Senior One na Senior Two. Wazazi ambao Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu wakawa wananipigia: "Mwalimu, mtoto ana zoezi la ngeli, tufanyeje?" Nikawa naandika masomo kwenye daftari, napiga picha, natuma kwa simu moja baada ya nyingine. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa akisomea kompyuta na chuo chake kimefungwa, akaniambia, "Shangazi, haya yote yanaweza kukaa mahali pamoja, kila mtu akajisomea." Ndivyo tovuti ilivyozaliwa, jikoni kwangu. Baada ya miezi michache tukaongeza ukurasa wa bei za soko: mahindi, maharagwe, mukene (ambao wenzetu ng'ambo ya pili ya mpaka huuita omena), pamoja na thamani ya shilingi ya Kenya kwa ya Uganda asubuhi hiyo. Kina mama wanaovuka na magunia walikuwa wakiniuliza hayo kila siku, nikaona niyaandike.

Mpwa wangu akajiunga na mfumo wa matangazo wa ng'ambo. Mifumo hii iko mingi, unaojulikana zaidi ukiwa AdSense wa Google, ulioanza mwaka 2003. Utaratibu wake kwa jumla ni kwamba mchapishaji, yaani mwenye tovuti, anatenga nafasi kwenye kurasa zake, na kila msomaji anapofungua ukurasa unafanyika mnada wa kufumba na kufumbua kati ya wenye bidhaa. Aliyetaja bei ya juu ndiye tangazo lake linaonekana. Mchapishaji anapata mgawo wake, ambao kwa Google ulikuwa asilimia 68 kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa 2024 Google iliacha kuhesabu malipo kwa kubofya, ikahamia kulipa kwa tangazo kuonekana. Na pesa haitumwi mpaka ifike dola 100.

Neno lililokosekana katika makala yenu ni hilo la mnada. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka ng'ombe mnadani atanielewa. Ng'ombe wako anaweza kuwa amenona, ngozi inang'aa, lakini kama siku hiyo amekuja mnunuzi mmoja, utauza kwa bei atakayoitaja yeye. Msomaji aliyeko Marekani anagombewa na mabenki, makampuni ya bima na wauza magari. Msomaji wangu aliyeko Busia, anayesoma Kiswahili, nani anamgombea? Miaka yote hiyo mfumo haukuniletea tangazo hata moja la mfanyabiashara wa mji huu. Oktoba 2020 kurasa zangu zilifunguliwa mara 38,000, nikapata dola 11 na senti 40. Yaani kila kurasa elfu moja ziliniletea senti 30 za dola, kama shilingi 1,100 zetu. Ni bei ya chapati mbili.

Kisha kukawa na suala la barua. Mapato yalipofika dola 10, kampuni ilisema itanitumia kwa posta namba ya kuthibitisha mahali nilipo. Huku kwetu barua haiji mlangoni, inaingia kwenye sanduku la posta, na sanduku nililoandika lilikuwa la shule, iliyofungwa. Nilisubiri wiki sita. Nikaomba nyingine. Mwishowe nikamfuata karani wa shule kwake, tukaenda naye, akafungua sanduku, tukatoa bunda la barua lililofungwa kwa mpira. Zote mbili zilikuwemo, ndogo kama tiketi za basi, moja imelowa upande mmoja wino ukatawanyika. Nashukuru ile ya pili ilisomeka.

Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini kwa siku tano wakati wa uchaguzi, na Facebook, iliyokuwa ikiniletea wasomaji wengi, iliendelea kufungiwa baada ya hapo. Siku zile tano waliofungua kurasa zangu ni wale walioweza kutembea hadi upande wa Kenya wakiwa na laini ya huko. Dola 100 zilitimia Septemba. Benki ikakata ada ya kupokea pesa kutoka nje, nikabakiwa na shilingi 310,000. Nikatoa dola 70, kama shilingi 247,000, za kulipia jina la tovuti na mahali inapohifadhiwa kwa mwaka. Zilizobaki mkononi ni shilingi 63,000, kwa karibu mwaka mzima wa kuandika kila usiku na kuulizia bei kila alfajiri, na kijana wa kaka yangu sijamlipa hata senti.

Wapo watakaosema ningeacha matangazo yote yapite ningepata zaidi. Ni kweli. Yaliyolipa vizuri kuliko yote yalikuwa ya kubeti. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, na wasomaji wangu wa ngeli na methali wana miaka kumi na nne. Niliona tangazo hilo mara ya kwanza chini ya somo la umoja na wingi, mpira unang'aa na maandishi ya dhahabu yanawaka na kuzima. Siku hiyo hiyo nikamwambia mpwa wangu afunge mlango wa kamari wote. Mapato yakapungua kwa theluthi. Sijajuta hata siku moja.

Mwingine aliyenifungua macho ni mama mmoja anayeuza mukene. Alinisimamisha sokoni, akanipa simu yake, kioo kimepasuka pembeni na kimeshika vumbi la samaki. "Mwalimu, mbona bei imejificha?" Nikatazama. Tangazo la video lilikuwa limefunika kioo kizima, na alama ya kulifunga ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Kila alipoigusa kwa kidole, alijikuta amefungua tangazo lenyewe. Nililifunga mimi kwa ukucha. Ile data alinunua kwa shilingi 500, na tangu Julai 2021 ndani ya bei ya data mna ushuru wa asilimia 12, ulioletwa kushika nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Kwa hiyo mama huyu alikuwa ameilipa serikali na ameilipa kampuni ya simu ili atazame video ya kitu asichoweza kununua, na ile bei ya mahindi aliyoifuata hakuiona. Mimi ndiye niliyemwekea. Niliondoa matangazo ya video jioni hiyo.

Na sasa niwaambie lililonitokea Mei 2022, kwa sababu vijana wengi wanalifanya bila kujua. Shule zilikuwa zimefunguliwa. Wanafunzi wangu wa Senior Two walisikia kwamba tangazo likibofywa mwalimu anapata pesa. Saa ya chakula cha mchana wakaingia chumba cha kompyuta, wakajipanga kwa zamu, wakabofya na kubofya mpaka kengele ikalia. Kesho yake asubuhi akaunti yangu ilikuwa imesimamishwa kwa siku thelathini, na mapato ya mwezi huo yamerudishwa kwa waliolipia matangazo. Niliingia darasani, nikauliza nani alikuwemo. Mikono ikapanda mmoja mmoja, mpaka darasa karibu zima. Kiranja akasimama: "Tulitaka kukusaidia, Mwalimu." Nilishindwa kuwakemea. Niliwaeleza kwamba kila walipobofya, mfanyabiashara fulani mahali fulani alitozwa pesa akidhani amepata mteja. Wakanyamaza kabisa. Kampuni haikunionea. Leo ninaona vijana wana makundi ya kubofyeana, wewe bofya yangu nibofye yako, nao wanaita ni kusaidiana. Akaunti zao zitafungwa, na hata zisipofungwa hiyo ni pesa ya mtu.

Nikiwa nimefungiwa mwezi ule, mpwa wangu ndiye aliyesema, "Shangazi, kwani wenye pesa wote wako ng'ambo? Mwenye saruji pale stendi anakusoma kila asubuhi." Tukachapa karatasi mbili zenye hesabu ya wasomaji: wangapi wako Busia, wangapi Tororo, wangapi Mbale, na saa wanazosoma, wengi kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa moja, kabla mtu hajafungua duka lake. Nikaenda kwa miguu.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinisikiliza akiwa anahesabu misumari. "Mwalimu, mimi hutangaza redioni. Redio naisikia mwenyewe. Hii yako nitaisikia wapi?" Sikuwa na jibu lililotengenezwa. Nikamwambia anipe shilingi 30,000 kwa mwezi mmoja, na kila mteja mgeni amwulize ametusikia wapi. Wasipotokea watu, namrudishia pesa yake. Akachukua daftari la mtoto la kurasa 32, akaandika juu yake "MWALIMU", akalitundika kwa kamba kando ya mizani. Kwa kila aliyetaja tovuti, alichora kijiti kwa kalamu ya bluu, na cha tano akikilaza juu ya vile vinne. Mwezi ulipoisha nilienda nikiwa na pesa yake kwenye mfuko wa gauni, tayari kuirudisha. Akalifungua daftari mbele yangu. Vijiti 17. Mmoja wa hao alikuwa fundi aliyechukua mabati 60. Akalipia mwaka mzima papo hapo kwa simu, akaomba risiti, nikakimbia kununua kitabu cha risiti duka la pili.

Leo ninao sita: huyo, mwenye dawa za mifugo, kibanda cha kubadilisha pesa, mwenye Fuso la kwenda Kampala, fundi wa cherehani za sare na shule moja ya bweni. Wawili wanalipa 50,000, wanne 30,000. Ni shilingi 220,000 kwa mwezi. Kila tangazo ni picha moja tu ya kilobaiti 40, kwa Kiswahili, imeandikwa TANGAZO juu yake, wala haimfuniki mtu bei.

Lakini sitaki kuwaficha upande wa pili wa jambo hili. Kampuni ya ng'ambo haikujua ninaandika nini. Mfanyabiashara wa hapa ananijua, anajua ninapokaa, na siku moja mnunuzi mmoja wa mahindi alikuja nyumbani jioni na soda mbili baridi. Alitaka nafasi kubwa ya tangazo, shilingi 200,000 kwa mwezi. Nilifurahi. Tulipokuwa tunamalizia akasema, kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza saa, kwamba wakati wa mavuno ningepunguza bei ya mahindi kwenye ukurasa kwa shilingi mia moja, wiki mbili tu. Nilielewa mara moja. Wakulima wa vijijini hutazama ukurasa ule kabla ya kumfungulia mnunuzi ghala. Shilingi mia kwa kilo, gunia la kilo mia moja ni shilingi elfu kumi zinazotoka mfukoni mwa mkulima, na mkono ulioziiba ungekuwa wangu. Nilimwambia hapana, soda nikamrudishia haijafunguliwa. Usiku ule tukaandika mkataba wa ukurasa mmoja ambao sasa kila mwenye tangazo anausaini: ananunua nafasi, hanunui bei wala neno la habari. Mmoja alikataa kusaini, akaenda zake. Mkinitaka niwaambie vijana kazi ya mchapishaji ni nini, ni jioni ile.

Kwa hiyo, Mhariri, ninaomba mambo mawili. La kwanza ni kwenu. Mnapowaandikia vijana juu ya pesa ya tovuti, wekeni hesabu kamili: senti ngapi kwa kurasa elfu, miezi mingapi kufika dola 100, ada ya benki, data ya msomaji. Waambieni pia kwamba tangu mwaka 2018 Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, inawataka wanaochapisha habari mtandaoni wajisajili. Makala yenu haikuligusa hata moja la haya, na kijana wa mbuzi alikuwa anawaamini.

La pili ni kwa makampuni makubwa ambayo najua wakuu wake wanawasoma. Kiswahili kiliingizwa kwenye katiba yetu kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watoto wanaokisoma leo ndio watakaofungua akaunti za benki kesho kutwa. Mabenki na makampuni ya simu yaliyoko Nairobi, Dar es Salaam na Kampala yanayo tayari matangazo ya Kiswahili, yameshalipiwa, hayahitaji kuandikwa upya. Lakini yakivuka Busia kuja Uganda yanageuka Kiingereza au Kiganda, kana kwamba sisi wa mpakani, na wenzetu wa Bombo, Arua na Kasese, hatuna cha kununua. Ninunulieni, au mnunulieni mwingine yeyote anayewaandikia hawa watu kwa uaminifu. Wakiingia mnadani wanunuzi watatu au wanne wanaotujua, hata ile mifumo ya ng'ambo italazimika kupandisha bei ya msomaji wetu. Na sisi tunaoandika Kiswahili katika miji hii tuko tayari kukaa pamoja tuwe na orodha moja ya bei, ili kampuni isisumbuke kutafuta mmoja mmoja.

Yule kijana hakumuuza mbuzi. Amekuwa akija Jumamosi kujifunza kupunguza uzito wa picha, na wiki hii ana kazi yake ya kwanza: mvua za Machi zinakaribia, mwenye duka anataka tangazo la saruji lishuke na la mabati lipande kabla ya alfajiri ya kesho. Ameshaniletea picha, lakini kwenye neno "yanapatikana" ameandika "zinapatikana", na mabati hayako kwenye ngeli hiyo. Naishia hapa nikakae naye.

Mwalimu wa Kiswahili,
Busia, Uganda.